Robo ya Kitabu

Kifurushi kilifika Amu kikiwa na jina la mtu aliyekwisha zikwa. Kilikuja kwa basi hadi Mokowe, kikavushwa kwa boti hadi gatini, na Bwana Shuaib, ambaye kazi yake ni kupokea mizigo ya watu na kuifikisha majumbani, alikaa nacho dukani tangu jana yake akijiuliza amkabidhi nani. Uthman alikuwa rafiki yake, na jeneza la Uthman alilishika kwa mkono wake mwenyewe. Hatimaye alikitia kwapani, akapita vichochoroni hadi nyumba ya marehemu, akapiga hodi kwa sauti ya mtu anayetumaini kwamba hatasikiwa.

Bi Ruqaiya, mama wa marehemu, alifungua ubawa mmoja wa mlango.

"Kimekuja kwa jina lake, Bi," alisema Bwana Shuaib, macho yake yakiwa chini. "Ni kitabu. Alikiagiza Nairobi kabla hakijachapwa. Kila boti ikifunga alikuwa akiniuliza. Hata alipolazwa aliniuliza."

"Na yeo ndipo kimekuya."

"Ndipo kilipotoka, Bi." Akakohoa, akanyoosha karatasi. "Hapa pataka sahihi. Watu wa basi wamekaza kwamba atie sahihi mwenye jina, au kiletwe kitambulisho chake."

"Kitambulisho chake tumekirudisha serikalini."

"Najua, Bi. Ni utaratibu wao."

"Basi waambie wao wamfuate alipo wamtake sahihi. Wakirudi watuletee salamu zake."

Bwana Shuaib aliiweka karatasi juu ya goti lake, akatia sahihi yake mwenyewe palipotakiwa ya Uthman, akaondoka bila kunywa maji aliyokaribishwa.

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani alisimama Saadiya, mjane wa Uthman. Alikuwa katika eda, na kwa hiyo hakupaswa kutokeza mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Walakini hakuna sheria iliyomkataza kusikia. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mmoja, mzaliwa wa Pate, aliyeletwa katika nyumba hii kama mke na ambaye hakujaliwa kupata mtoto humo. Aliposikia neno "kitabu" alishika pazia kwa mikono miwili.

Kilikuwa kitabu cha sita na cha mwisho cha Ufalme wa Maji Mafu. Vijana wengi wa pwani walivijua vitabu hivyo. Vilieleza habari za Arafa, msichana wa nchi kavu, na Shadhili, kijana wa watu waishio chini ya bahari, ambaye hakuweza kukanyaga ardhi isipokuwa siku za maji mafu, wakati bahari haipandi sana wala haishuki sana. Katika kila kitabu wawili hao walikaribiana, na katika kila kitabu maji yalirudi kuwa makuu kabla hawajamaliza kusemezana. Cha tano kilimwacha Arafa amesimama baharini, maji yamemfika kiunoni, ameambiwa achague.

Vyote vitano Uthman alimsomea mkewe kwa sauti. Alikuwa akitoka kazini, kwenye duka la vipuri vya mashine za boti, akiswali alasiri, kisha akiketi ndani na kusoma huku Saadiya akishona kofia. Saadiya alijua kusoma vizuri. Aliacha kusomewa kuwe ndiyo hidaya yake ya kila siku. Juu ya mwisho wa kisa hawakupatana. Uthman alishikilia kuwa Shadhili atakuwa mtu wa nchi kavu. Saadiya alisema la, Arafa ndiye atakayezama. Waliwekeana sharti kwamba atakayeshindwa angepika samaki wa kupaka, na Uthman hakupata kupika kitu maishani mwake ila chai.

"Mama," alisema Saadiya, alipoona Bi Ruqaiya anapita na kifurushi bila kusimama. "Hicho ni chetu."

"Hiki ni mali ya maiti," alijibu Bi Ruqaiya. "Mali ya maiti ina wenyewe."

Akakitia katika kasha pamoja na nguo za mwanawe, akalifunga, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso.

*

Katika mtaa mdogo habari haihitaji miguu. Alasiri ile ile alikuja Rumaisa, binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, akiwa bado amevaa sare ya shule.

"Dada Saadiya, Bwana Shuaib amemwambia baba kwamba kimefika. Hebu nionyeshe jalada."

"Kimefungiwa."

"Kwani kimefanya kosa gani?"

Saadiya alicheka kidogo, akaona haya kwa kucheka, akanyamaza.

"Si nikupe simu yangu ukisome humu?" alisema Rumaisa. "Mimi nishakimaliza. Nimelia mpaka mama akadhani nimefeli mtihani. Darasani kwetu hakuna ambaye hajakisoma. Amu nzima umebaki wewe na mapunda."

"Usinambie."

"Neno moja tu. Si neno baya."

"Rumaisa."

"Basi nikwambie kama kuna anayekufa. Au sikwambii. Lakini ile sura ya mwisho, wallahi, mwandishi yule hana huruma..."

Saadiya aliziba masikio yake kwa upindo wa leso na kuyafumba macho yake kama mtoto anayepewa dawa. Rumaisa alingoja mpaka akafumbua.

"Alichokiagiza yeye ndicho ninachokingoja," alisema Saadiya. "Nikikisoma kwenye simu yako nitakuwa nimemwacha nyuma."

"Lakini Dada, yeye..." Msichana aliona lilipokuwa likielekea neno lake, akalimeza. Aliaga mapema siku ile, na alipofika kwao alimwambia mamake kwamba ndani ya nyumba ya Bi Ruqaiya kuna baridi, ingawa mji mzima ulikuwa ukitokwa jasho.

*

Bwana Badawi, ami yake marehemu, alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala. Bi Ruqaiya ndiye aliyetuma aitwe. Bwana Badawi alikuwa mtu wa haki, na watu wa namna hiyo huheshimiwa zaidi ya wanavyopendwa. Hakuna aliyepata kusema kwamba Badawi amekula cha yatima, wala kwamba amempunguzia mnunuzi kipimo. Aliketi upande wa nje wa pazia, kama ilivyo adabu, na wanawake wawili wakaketi upande wa ndani.

"Mali ya maiti ni moto," alianza. "Asiyeigawa huungua nayo. Uthman hakuacha mtoto, wala baba, wala ndugu. Mkewe ana robo. Mamake ana thuluthi. Kilichosalia ni changu mimi, na sikukiomba, ndivyo ilivyoandikwa. Kwa hiyo kila kitu kitiwe bei. Redio, simu, zana zake za kazi, viatu."

"Viatu ni viwili na warithi ni watatu," alisema Bi Ruqaiya. "Utakata wapi, Bwana Badawi?"

"Vitauzwa, Bi."

"Hata vile vya msikitini?"

"Hata hivyo."

Ndipo Saadiya, ambaye hakuwa amesema neno mbele ya ami wa mumewe tangu siku ya mazishi, aliposogea karibu na pazia.

"Ami, kuna kitabu. Robo yangu naomba iwe kitabu hicho. Vingine vyote sivitaki."

"Huwezi kuviacha vingine kabla hujajua thamani yake, mwanangu. Nikikuachia uviache nitakuwa nimekudhulumu." Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli. "Kitabu gani?"

Bi Ruqaiya alifungua kasha, akakipitisha kifurushi chini ya pazia. Walisikia karatasi ikichanwa. Saadiya, aliyekuwa amekwisha kuchagua moyoni mwake siku na saa ya kuichana karatasi hiyo kwa mkono wake, aliisikiliza mpaka ikaisha.

"Ufalme wa Maji Mafu," alisoma Bwana Badawi, neno baada ya neno. "Kitabu cha mwisho. Hapa juu pamechorwa msichana kichwa wazi, na kijana ana mapezi." Akatua. "Na marehemu alikuwa akisoma haya?"

"Akinisomea," alisema Saadiya.

"Mume mzima?"

Saadiya alimtazama Bi Ruqaiya, akingoja mama amtetee mwanawe. Bi Ruqaiya alikuwa akikunjua na kukunja ncha ya leso yake. Hakuinua uso.

"Nitakichukua nikitazame," alisema Bwana Badawi. "Kama ndani mna ushirikina, hiki si mali, hakigawanywi, huteketezwa. Kama hamna, kitatiwa bei pamoja na vingine. Msinione mkali. Nitaulizwa mimi, si nyinyi."

Akaondoka nacho, amekigeuza jalada ndani ili watu wa barazani wasimwone msichana.

*

Zilifuata siku za kungoja, na hakuna kungoja kunakochosha kama kule kwa watu wawili wanaongoja kitu kimoja bila kuambiana. Saadiya alifagia palipokwisha fagiwa. Alasiri zilipoingia alijikuta ameketi mahali pale pale pa zamani, mikono yake mitupu, akiutazama mto ambao Uthman alikuwa akiegemea. Hakulia, kilio alikwisha kilia. Alichokuwa nacho sasa ni ile kiu ya mtu aliyekatizwa mazungumzo mlangoni, aliyeambiwa "ngoja nikwambie", kisha mlango ukafungwa.

Kutoka Pate babake alituma salamu kwa simu ya Rumaisa. Sauti yake ilikuwa ya juu, kama ya watu wasioiamini simu: eda ikisha atakuja na boti kumchukua, chumba chake kimepakwa chokaa, mamake amemwekea mbuzi.

Bi Ruqaiya aliyasikia hayo akiwa jikoni akikuna nazi. Aliendelea kukuna hata nazi ikaisha na mbuzi ya kukunia ikawa inakwaruza kifuu kitupu.

"Mama, wewe ndiye uliyemwita Ami Badawi," alisema Saadiya. Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama anayetaja kwamba mvua imenyesha.

"Ndimi."

"Ulijua atakichukua."

"Nalijua."

"Nilikukosea nini?"

Bi Ruqaiya aliweka kifuu chini. "Ningalikupa siku ile, ungalikisoma siku ile ile."

"Ningekisoma."

"Kisha?"

Saadiya aliinama kuokota nazi iliyomwagika.

"Kisha kingalikwisha," alisema Bi Ruqaiya. "Kitabu ambacho hakiyasomwa, mtu aliyekiagiza ni kama hayamaliza kusema. Nalitaka akae kidogo na neno lake mdomoni. Siyui kama wewe waweza kunifahamu. Wewe waenda kwa mamako. Kule una chumba, una ndugu. Mimi nikishakutoa mlangoni nitarudi ndani, na ndani ni hapa."

Akaondoka kwenda kutawadha, ingawa muda wa sala ulikuwa bado.

*

Bwana Badawi alirudi Alhamisi. Aliketi pale pale, nje ya pazia, na kabla ya kusema alivua miwani yake akaifuta.

"Nimekisoma chote," alisema. "Sikuruka hata ukurasa, maana hukumu ya nusu ni dhuluma. Ushirikina hamna. Mna upuuzi mwingi, lakini upuuzi haujaharamishwa wote. Nimewaza pia juu ya bei, nikaona haya kugawana na wanawake wawili kitabu cha watoto. Fungu langu nimewaachia. Bi Ruqaiya, wewe na mkaza mwanao mtaelewana."

"Mungu akulipe," alisema Bi Ruqaiya.

Kitabu kikapita chini ya pazia. Saadiya alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kifuani. Laiti mambo yangekomea hapo. Lakini Bwana Badawi alikuwa mtu wa wajibu, na alihisi kuwa anadaiwa na wanawake hawa wawili neno la faida.

"Na tena kina mazingatio," aliendelea. "Yule kijana wa majini anarejea kwao majini. Binti anabaki nchi kavu. Hawaonani tena. Mwanzo niliudhika, kisha nikaona kwamba ndiyo haki: kila kiumbe na mahali pake. Binti anasubiri, anashukuru, anaendelea na maisha yake. Basi na wewe, mwanangu, subiri. Hata vitabu vya watoto vyasema hivyo."

Hakuona nyuso zao. Pazia lilikuwa zito. Alisikia kimya, akakidhania kuwa ni unyenyekevu. Alisimama, akaomba dua fupi kwa ajili ya marehemu, akaenda zake akiwa ameridhika kwamba ametoa haki na nasaha katika safari moja.

Saadiya alikaa na kitabu kifuani muda mrefu. Aliwahi kuziba masikio yake asisikie neno moja la Rumaisa. Aliwahi kuikataa simu. Alijizuia kama mfungaji anavyojizuia mbele ya maji. Na sasa yote yameelezwa kwa pumzi moja, na mtu ambaye hata majina yao hakuyataja.

"Basi, Mama," alisema mwishowe, akakiweka kitabu sakafuni. "Kimekwisha. Hakuna tena cha kungoja."

Bi Ruqaiya alikitazama kile kitabu, kisha akalitazama pazia.

"Badawi amesema lililotokea," alisema. "Mwanangu hakuwa akisema lililotokea. Alikuwa akisoma. Yule mtawala wa maji alimpa sauti ya liwali mmoja wa zamani, mwenye kikohozi. Yule kizee wa pwani alimpa sauti ya shangazi yangu Barka, Mungu amrehemu, neno kwa neno, hata lile la kuvuta pua."

Saadiya aligeuka. "Ulikuwa ukisikia?"

"Pazia si ukuta."

"Lakini ulikuwa ukisema ni mambo ya majini na mashetani. Ulikuwa ukipiga sufuria."

"Nalipiga sufuria alipofika pale palipotisha. Hamkuona kwamba pakisha kupita nalinyamaza?" Alijikongoja, akaketi mkekani, upande huu wa pazia, mahali ambapo hakuwa amepata kuketi kisa kikisomwa. "Arafa tulimwacha majini, maji yamemfika kiunoni, na ni miezi. Mtoe mtoto wa watu, atashikwa na homa. Soma."

*

Saadiya alisoma. Mwanzo alisoma vibaya, haraka na bila vituo, na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake mwenyewe. Bi Ruqaiya alimkatiza. Alimwambia Shadhili hasemi kwa hasira hata akikasirika. Alimwambia kizee wa pwani lazima avute pua. Siku ya pili ilikuwa afadhali. Kisa kilipofika mahali pa kutisha, Bi Ruqaiya alinyoosha mkono kutafuta sufuria, akakumbuka kwamba sasa ameketi mbele, akaurudisha mkono. Wakacheka wote wawili, kicheko kile cha waliofiwa, kinachojisikiliza chenyewe.

Iligundulika kwamba Bwana Badawi hakuwa amewaibia sana. Alisema kijana anarejea majini. Hakusema kwamba alirejea ili bahari isiuzamishe mji wa Arafa. Alisema hawaonani tena. Hakusema kwamba usiku wa kuagana walikosa la kusema, wakaishia kuhesabu madau yaliyofungwa, kijana akiyahesabu kutoka kusini na Arafa kutoka kaskazini, mpaka wakakutana kwenye dau moja. Saadiya alipofika hapo alitua kusoma. Bi Ruqaiya hakumhimiza.

Walifika ukurasa wa mwisho siku ambayo babake Saadiya alituma habari kwamba boti imekwisha patikana. Shadhili alitembea akaingia baharini bila kugeuka, kwa maana watu wake wakigeuka husahau. Arafa alisimama ufukweni hata maji makuu yakaja yakamlowesha miguu, ndipo akashika njia ya kwao. Hapo maneno yakakoma.

"Basi?" aliuliza Bi Ruqaiya.

"Basi."

Adhana ya magharibi ilikuwa bado. Nje punda alipita na mchanga mgongoni, mwenyewe akimsihi kama anavyosihiwa mkwe.

"Na mamake?" aliuliza Bi Ruqaiya.

"Mamake Arafa alikuwa..."

"Si Arafa. Yule kijana. Tangu kitabu cha kwanza nangoja. Baba yake nimemsikia, askari wa baba yake nimewasikia, hata samaki wake nimemsikia. Mtu huyu ametoka kwao, ameenda nti ya watu, amekaa huko, sasa anarudi. Hana mama?"

Saadiya alifikiri. Alivipitia vitabu sita katika akili yake, kurasa zote alizosomewa na alizosoma, na mwanamke huyo hakumwona popote. Mwandishi alikuwa amemsahau. Na yeye pia, katika alasiri zote zile, hakupata hata mara moja kuuliza.

Akafunua ukurasa mmoja zaidi. Ulikuwa mweupe, kama kurasa za mwisho za vitabu zilivyo. Alikiinua kitabu kidogo, akasafisha koo.

"Mamake Shadhili," alisoma, "alikuwa ameketi kwenye mlango wa ufalme tangu siku aliyotoka. Watu walimwambia, ingia ndani, akakataa. Alipomwona anakuja hakumwuliza alikuwa wapi. Alimwambia, umekonda. Akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamwekea chakula, akakaa akimtazama anavyokula." Akashusha kidole chini kidogo kwenye ukurasa mtupu. "Aliposhiba, mama akamwambia, haya, niambie juu ya huyo Arafa uliyemwacha. Ni mtu gani? Shadhili akasema, ni mtu mwema, mama. Lau ungalimjua ungalimpenda. Sasa yuko peke yake kule juu, na mimi siwezi kumfikia."

Bi Ruqaiya hakuzijua herufi zile; alijua za msahafu tu. Lakini karatasi nyeupe huzijua kila mtu. Aliutazama ukurasa, akautazama uso wa mkaza mwanawe, kisha akamsogelea mpaka magoti yao yakagusana.

"Na mamake," aliuliza, "akamjibu nini?"